Lile darasa la jioni la Athens na Yerusalemu pale Ngamiani, Tanga, linafaa hela yako au halifai

Naona mnanijaza inboksi tangu niweke ile picha ya ubao, kila mtu anauliza hili darasa ni la dini, ni la siasa, au ndo wale jamaa wa utajiri wa haraka, sa ngoja niandike mara moja wote msome. Sio la dini, sio la siasa, na hamna mtu atakuuzia virutubisho. Ni mzee mmoja mstaafu, kafundisha historia sekondari miaka na miaka, kakodi chumba cha juu kwenye jengo la zamani huku barabara za namba, kila Jumamosi baada ya alasiri anaongea kwa karibu masaa mawili kuhusu swali moja tu, hawa watu wa Magharibi, Ulaya na Marekani, mawazo yao ya sheria na haki na elimu wameyatoa wapi. Na jibu lake ni kwamba wameyatoa kwa watu wawili wasiopatana, Wayahudi na Torati yao upande mmoja, Wagiriki na falsafa yao upande wa pili. Elfu tatu kwa kipindi, kachori na chai ya tangawizi humo humo. Mi nawapa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyowanyima nitaisema kwa kirefu maana imeniuma.

Kipindi cha kwanza ukikikosa umeumia. Nilitegemea mzee aanze na tarehe ubaoni si mnajua walimu wa historia, wapi, kamsimamisha mama mmoja anauza samaki kule soko la Deep Sea akamuuliza, "Mama, haki ni nini?" Mama wala hakufikiri mara mbili, "Haki si kumpa mtu chake, Mwalimu." Mzee akasema sawa, sasa rafiki yako kakuachia panga lake akiwa na akili timamu, kaja kulidai kachanganyikiwa, macho mekundu, unampa? "Simpi ng'o!" Basi haki sio kumpa mtu chake. Chumba kizima kicheko. Mama akajaribu tena, haki ni kuwatendea wema marafiki, mzee akauliza na rafiki yako akiwa ni mtu muovu je, wakaenda hivo hivo, huyu anajenga yule anabomoa, mpaka mama akashika kiuno, "Sasa we Mwalimu unataka nini hasa?"

Hapo ndo akatuambia lile swali la silaha na rafiki aliyechanganyikiwa sio la kwake, limo kwenye maandishi ya Plato, mwanafalsafa wa Kigiriki, na aliyekuwa anazunguka Athens akiwakera watu kwa maswali ya hivo ni Socrates, na watu wa Athens walipochoka wakamshtaki kuwa haheshimu miungu ya mji na anaharibu vijana, mwaka 399 KK mamia ya raia wenzake wakapiga kura, akahukumiwa kunywa sumu akanywa. Na hao ndo wale wale wa demokrasia wanaosifiwa kila siku, anasema mzee, bila kucheka.

Alafu hajatupa hata nafasi ya kupumua, akaingia kwa nabii Nathani. Mfalme Daudi kachukua mke wa Uria, askari wake, na Uria mwenyewe kapangiwa vitani pa kufia. Nathani anamwendea mfalme na kisa cha tajiri mwenye mifugo kibao aliyepora kamwanakondoo kamoja ka maskini. Daudi anawaka, anasema mtu huyo anastahili kufa. Nathani anamjibu, "Wewe ndiwe mtu huyo." Mzee akanyamaza kidogo akamgeukia yule mama wa samaki, akamwambia unaona mama, hapa hakuna aliyeuliza haki ni nini, Daudi anaijua, Nathani anaijua, mbuzi wa nje anaijua, kesi ni kwamba umeijua na hukuifanya.

Kwangu mimi darasa lote liko hapo, na ndo maana nawaambia mwende. Mgiriki anataka kwanza ujue ndo utende, na kujua kwenyewe kunataka hoja, hata ukiambiwa na mungu unauliza kwa nini. Nabii wa Kiyahudi anakwambia umeshaambiwa, amri iko mbele yako, mjane yuko mlangoni, unasubiri nini. Hizi ni njia mbili tofauti za kuwa mtu. Mzee anasema Athens na Yerusalemu wameishi ndani ya Ulaya kama wake wenza, kila mmoja ana jiko lake, wanasutana kutwa, ila mtoto wa nyumba hiyo kala vyungu vyote viwili na hawezi kukwambia mifupa yake imetokana na chungu kipi. Mabibi wote chumbani walielewa siku hiyo hiyo, wanaume ilibidi waelezwe.

Sa vipindi vya kati ndo historia yenyewe, na hapa mzee yuko vizuri mno. Nilikuwa najua hawa watu walikutana kwa Wakristo, kumbe walianza kugongana zamani kabla ya Yesu. Alexander, mfalme wa Makedonia, anapita na jeshi lake mwaka 332 KK, lugha ya Kigiriki inatapakaa mpaka Misri, Wayahudi waliohamia Alexandria wanazaa watoto ambao Kiebrania hakipandi tena, ndo katika karne ya 3 KK Torati inatafsiriwa kwa Kigiriki pale pale Alexandria. Kuna simulizi ya wazee 72, sita kwa kila kabila, mzee aliitoa kwa mbwembwe zote, ila akasema wazi hiyo ni simulizi, ichukueni hivyo. Huko huko baadae anatokea Philo, Myahudi wa Alexandria, mtu mzito mpaka akatumwa Roma kama mwaka 40 kuwatetea watu wake kwa kaisari Caligula, yeye kazi aliyojipa ni kuonyesha kwamba Musa na Plato hawapingani, ukimsoma Musa kwa undani utamkuta mwanafalsafa.

Msidhani ilikuwa harusi tu. Pale Yerusalemu kuhani mkuu mwenyewe alijenga uwanja wa mazoezi wa Kigiriki, vijana wakaanza kuiga kila kitu, alafu mfalme Antiochus wa nne, wa ile dola ya Kigiriki ya Syria iliyowatawala, mwaka 167 KK akapiga marufuku Sabato na tohara akaweka madhabahu ya kipagani ndani ya Hekalu, ndo Wamakabayo, Wayahudi waasi, wakaingia msituni wakapigana mpaka wakalitakasa Hekalu mwaka 164 KK, na mpaka leo Wayahudi wanaiadhimisha hiyo kwa sikukuu ya Hanukkah. Kijana mmoja wa bodaboda nyuma akasema, "Kwa hiyo hata wao walikuwa na watoto wa kuiga iga wazungu?" Jamani nilicheka. Mzee akamwambia swali lako ni zuri kuliko unavodhani, liweke, tutalirudia. Hatukulirudia, ila tuendelee.

Alafu ni mtume Paulo pale Areopago huko Athens, Matendo 17, anabishana na Waepikureo na Wastoiko, wafuasi wa shule mbili za falsafa, anawanukulia mpaka mashairi yao wenyewe kwamba sisi sote tu wazao wake Mungu, wanamsikiliza vizuri tu, alipofika kwenye ufufuo wa wafu wengine wakaanza kumdhihaki. Katekista mmoja yuko nasi pale aliisoma yote kwa sauti ya kanisani, ikapendeza. Alafu wakaja Waafrika wawili, na hapa mzee anajivuna kidogo kwa niaba ya bara zima: Tertullian wa Carthage, huko Tunisia ya leo, mwandishi wa Kikristo aliyeuliza kwa ukali Athens ina nini na Yerusalemu, yaani tokeni na falsafa zenu. Na Augustino, mzaliwa wa Thagaste ambayo leo ni Algeria, alikuwepo toka 354 mpaka 430, ambaye yeye vitabu vya wafuasi wa Plato ndo vilimsaidia kumuelewa Mungu asiye na mwili. Mmoja anafukuza, mwingine anakaribisha, na Kanisa la Magharibi likawasikiliza wote wawili.

Sa hapa ndo patamu. Kwenye ile karatasi ya ratiba, baada ya Augustino kipindi kinachofuata kimeandikwa Thomas Aquinas, mtawa wa Italia aliyemtegemea sana Aristotle, yule mwanafunzi wa Plato. Kuna maalim mmoja wa madrasa, mtu mpole sana, anakaaga kiti cha dirishani anakunywa chai yake, siku hiyo akanyoosha mkono. "Mwalimu, samahani. Huyu wa kwanza kafariki 430. Huyu wa pili kazaliwa 1225. Hapo katikati karibu miaka mia nane, Aristotle alikuwa amelala kwa nani?"

Kimya. Mzee akavua miwani. Akasema, "Maalim, Jumamosi ijayo ratiba hii tunaichana." Na kweli, Jumamosi iliyofuata kaja na kipindi kipya kabisa, na ndo kipindi bora kuliko vyote, wakikirudia nalipa tena.

Stori ni hivi. Yule mfalme wa Roma ya mashariki, Justinian, mwaka 529 anawafungia wanafalsafa wa Athens wasifundishe. Upande wa Ulaya ya magharibi Kigiriki kilishafifia, Aristotle wanayemjua ni vipande vya mantiki tu. Ila Baghdad chini ya makhalifa wa Bani Abbas, kuanzia karne ya 8, watu wanatafsiri usiku na mchana, na mmoja wa wakali wao ni Hunayn bin Ishaq, Mkristo, daktari, kafariki 873, anatoa Kigiriki anapeleka Kisiriaki na Kiarabu. Enzi hizo hizo yuko mwanafalsafa al-Kindi, alafu wanafuata al-Farabi na Ibn Sina. Alafu tunahamia Cordoba, Andalusia, yaani Hispania ya Waislamu, ambako karne ya 12 wanazaliwa watu wawili mji mmoja wamepishana miaka kumi na kitu: Ibn Rushd, Muislamu, kadhi, mwaka 1126, na Musa bin Maimun, Myahudi, ambaye wazungu wanamwita Maimonides, kwenye 1138 hivi. Wote wawili kazi yao moja, nifanyeje na Aristotle wakati nina kitabu cha Mungu mkononi. Na wote wawili waliumizwa na utawala ule ule wa Almohad, Waislamu waliotoka Afrika Kaskazini, familia ya Musa bin Maimun ilibidi ikimbie baada ya mji kutekwa 1148, akaishia kuwa tabibu Misri, na Ibn Rushd akiwa mtu mzima kabisa mwaka 1195 akahamishwa mji na vitabu vyake vya falsafa vikachomwa.

Mfano aliotumia mzee ulinisaidia sana. Aristotle anasema ulimwengu haukuwa na mwanzo, ulikuwepo na upo. Torati inaanza na Hapo mwanzo Mungu aliziumba mbingu na nchi. Huwezi kusema vyote viwili. Ibn Rushd anaegemea kwa Aristotle na anatafuta njia ya kuisoma Qurani isigongane naye. Musa bin Maimun anasema tulia, hoja za Aristotle hapa hazijathibitisha kitu, na pale ambapo akili haijathibitisha mi nasimama na Musa wa Torati. Kitabu chake chenye hoja hiyo kakiandika kwa Kiarabu ila kwa herufi za Kiebrania, kinatafsiriwa, Aquinas anakisoma kwa Kilatini, anamnukuu kwa jina la Rabi Musa, na Ibn Rushd anamwita tu Mfafanuzi, hahitaji hata kutaja jina. Na jibu la Aquinas kwenye swali la mwanzo wa ulimwengu liko karibu kabisa na la Rabi Musa, kwamba akili peke yake haiwezi kuthibitisha upande wowote, tunaamini. Wakati huo askofu wa Paris hana hata uvumilivu wa hayo, 1277 anapiga marufuku pointi 219 za walimu wa falsafa pale chuoni.

Maalim wa watu siku hiyo chai ilipoa mezani hajaigusa. Na katekista naye anaandika tu. Mimi nilikuwa nimekaa katikati yao nikawa najisemea hii ndo Tanga bwana, waja leo waondoka leo, mtu akisema ustaarabu wa Magharibi ni wa Athens na Yerusalemu peke yake mwambieni apitie Baghdad na Cordoba kwanza ndo aje tuongee.

Haya sasa ile nyota niliyowanyima.

Kipindi cha utumwa. Mzee alikipitisha mbio mbio, dakika ishirini na chai ikaletwa. Na hapa ndo pangetakiwa kukaa jioni mbili. Aristotle aliandika kabisa kwamba kuna watu ni watumwa kwa maumbile yao, na hayo maneno hayakufa naye. Mwaka 1550 hadi 1551 pale Valladolid, Hispania, msomi mmoja, Sepúlveda, aliyasimamisha kutetea vita dhidi ya wenyeji wa Amerika, na padre Las Casas akasimama kumpinga. Na upande wa pili mikono sio misafi, Torati inaanza na watumwa kutolewa Misri alafu humo humo ina sheria za kuwamiliki watu, wenye mashamba Marekani waliishika ile laana ya Nuhu kwa Kanaani kuhalalisha kuwafunga Waafrika, wakati Waafrika wenyewe kule shambani wanaimba habari za Musa na Farao. Kitabu kile kile, mmoja kapata pingu mwingine kapata ufunguo. Sa mtu unafundisha hayo Tanga, Pangani iko hapo chini tu, watu walikuwa wanashushwa pale kupakiwa majahazini, na kwenye koo zetu wengine tunajua na hatusemi, alafu unaniambia tunywe chai? Nilimfata mwisho nikamwambia, Mwalimu, hapa umetunyima. Akasema anaogopa watu kugombana chumbani. Mi naona chumba chenye maalim na katekista waliomaliza kipindi cha Ibn Rushd bila kugombana kinaweza kubeba na hilo.

Maana akitaka anaweza. Kwenye kipindi cha Sabato alifanya vizuri mno na ni hoja ile ile ya watu wa chini. Amri kwenye Kumbukumbu la Torati haisemi wewe upumzike peke yako, inasema na mtumwa wako na mjakazi wako na ng'ombe na punda na mgeni aliye ndani ya malango yako. Waroma walishangaa, mwanafalsafa wao Seneca akawacheka Wayahudi kwamba wanapoteza moja ya saba ya maisha yao kwa kukaa bure. Leo dunia nzima inadai siku ya mapumziko na hakuna anayemkumbuka Seneca kwenye hilo. Hapo nikamkumbuka babu yangu, alikata mkonge enzi za mkoloni kwa kipande, kazi ya siku thelathini ijae kwenye kadi ndo ulipwe, na mabwana wa mashamba Jumapili walikuwa kanisani wanasoma amri hiyo hiyo. Mzee nilipomwambia aliiandika ubaoni. Kwa hilo nampa heshima yake.

Vipindi viwili vya mwisho mnaweza kuruka. Ni vya kusifia, mwanafalsafa Spinoza kidogo, ambaye jamaa zake Wayahudi wa Amsterdam walimtenga 1656, alafu moja kwa moja Marekani, ile kengele yao ya uhuru yenye maneno ya Mambo ya Walawi 25:10, inapendeza kusikia ila sheria za Roma hazimo, makabila ya Kijerumani hayamo, biashara na meli na bunduki hazimo, unaweza kutoka pale ukaamini Ulaya ilijengwa na vitabu tu.

Mengine ya kawaida. Kachori ni za moto, pilipili yake ina ukwaju, mi nilikuwa nakula tatu. Feni ni moja na iko upande wa mwalimu, wahi. Umeme ukikatika wanaendelea na taa ya simu, hakuna kurudishiwa hela. Ngazi ni nyembamba na hazina pa kushika, ukimleta mzazi mkae naye karibu. Fotokopi hazisomeki hasa ile ramani ya Andalusia, Cordoba imekuwa doa jeusi. Kinamama wako wengi na hamna anayekukata kauli. Kuna grupu la WhatsApp ila mzee anatuma voisi za dakika kumi na nane, bando lako likiisha usinilaumu.

Awamu mpya wanaandikisha sasa hivi, unaenda pale pale Jumamosi unajiandikisha kwa binti anayekaa mlangoni, wanafunzi wa sekondari nusu bei. Na mkifika kipindi cha utumwa mnyoosheni mkono mzee asilete chai mapema.